Wa Kukuamsha

Treni ya metro ikifika Rashidiya imefika. Mbele hakuna tena reli ya abiria, kuna karakana yenye taa nyeupe, na nyuma yake mchanga. Bango la kituo siku hizi limeandikwa jina la kibiashara, Centrepoint, lakini sisi tunaoishi huku bado tunasema Rashidiya, kama tulivyozoea tangu njia hii ilipofunguliwa tarehe 9 Septemba 2009. Treni zenyewe hazina dereva. Ukikaa behewa la mbele unaona kioo na reli zinazokujia, huoni mgongo wa mtu. Abiria akisinzia, sauti ya mashine inatangaza kituo kwa Kiarabu na Kiingereza, mlango unafunguka, unangoja kidogo, unafungwa. Usiku mmoja, saa tano imeshapita, behewa limebaki na watu wa kuhesabika, kijana mmoja alikuwa amekaa pembeni na sare yake ya ulinzi, kidevu kimezama kifuani, simu inamteleza kiganjani kidogo kidogo. Mama mmoja, mfanyakazi wa kituo, alipita akikagua viti. Kulala pasiporuhusiwa katika metro kuna faini ya dirhamu 300, na mama yule angeweza kumwita askari akaendelea na njia yake. Badala yake akainama, akaidaka simu isianguke, akagonga kiti kwa kucha. "Bhai. Khalas." Kijana akafumbua macho, akatazama dirishani, na maneno ya kwanza yaliyomtoka yalikuwa ya kwetu, hakumwambia mtu: "Nimepitiliza?" Nikamjibu huku nasimama, "Umepitiliza, mdogo wangu. Hapa ndio mwisho." Alikuwa ashuke Deira. Akashukuru, akavuka upande wa pili kungoja treni ya kurudi.

Huenda ulikuwa uchovu tu. Walinzi wengi wa mji huu husimama saa kumi na mbili kwa zamu, wakimaliza wanapanda basi au treni, na mwili ukipata kiti unadai haki yake palepale. Simdhanii yule kijana lolote zaidi ya hilo. Ila tendo lile dogo, mtu asiyekujua kuinama na kukuamsha kabla hujaanguka wala hujatozwa, limenichukua mbali kuliko nilikokuwa nakwenda usiku ule. Nimekulia Unguja, na mtu wa Unguja wa rika langu anaujua usingizi mwingine, usio wa zamu. Kijana anasimama kando ya ukuta. Magoti yanalegea, kichwa kinashuka taratibu, kiuno kinakunjika mpaka vidole vinakaribia kugusa vumbi, na haanguki. Sigara inaungua hadi kwenye ngozi. Ukimwita anainuka nusu, anasema "nipo, nipo", kisha anazama tena. Watoto waliotoka chuoni na misahafu yao kifuani husimama kungoja waone kama leo ataanguka. Haanguki. Mtaa humwita teja, humpita, hushika mifuko, na humwekea methali iliyo tayari siku zote: sikio la kufa halisikii dawa.

Methali hiyo nimeisikia misibani, nimeisikia barazani, nimeisikia kwa mama mzazi akiitamka juu ya mtoto wake aliye hai, amekaa chumba cha pili. Sijawahi kuikubali. Inahukumu sikio kabla dawa haijatajwa, na inampa mtu mzima ruhusa ya kuacha kuita.

Unga, yaani heroini, uliingia kwetu kwa njia ile ile tuliyojia sisi huku. Hutoka Afghanistan, hushuka hadi pwani ya Makran ya Iran na Pakistan, hupakiwa jahazini, na kusafirishwa kusini hadi pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji. Bahari ni ile iliyochukua tende na mazulia kwenda kusini, ikaleta boriti na karafuu kaskazini, ikaoanisha watu wa Muscat na watu wa Malindi. Miaka ya 1980 vijana wa Mombasa na Unguja walianza kwa kuvuta ule wa kahawia. Ulipoingia mweupe, mwishoni mwa miaka ya 1990, sindano zikaingia nao. Leo mzazi wa pwani akichoka na mwanawe, mara nyingi wazo la kwanza linalomjia ni kumrudisha juu kwa bahari hiyo hiyo. Apelekwe Dubai. Apelekwe Muscat kwa baba yake mdogo. Abadilishe mazingira. Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi, na kila ninapoyasikia namwona kijana akishuka ndege hapa jirani, maana huku Rashidiya ndege zinapita juu ya paa zikiwa zimeshatoa magurudumu, amevaa shati jipya alilonunuliwa na mama, na ugonjwa wake ameupakia ndani ya mwili mahali pasipopita mashine ya forodha.

Mama hajakosea kwa jumla. Mazingira ni kitu. Mwaka 1971 Wamarekani waliingiwa na hofu kubwa juu ya askari wao waliokuwa wakitumia heroini Vietnam, wakamtuma mtafiti, Lee Robins, awafuatilie waliorejea. Ilionekana kuwa karibu mmoja katika kila watano alikuwa mraibu alipokuwa vitani. Lakini katika mwaka wa kwanza nyumbani, kati ya hao, ni kama 5 tu katika kila 100 walioingia tena katika uraibu. Watu waliostaajabu walikuwa wengi, kwani walizoea kuamini kuwa aliyeionja heroini amekwisha. Nimelifikiria jambo hili sana, kwa sababu linampa haki mama wa Unguja, na papo hapo linamnyang'anya. Askari wale walibadilisha mahali, ndiyo, lakini tazama walikotoka na walikokwenda. Walitoka ugenini, katika hofu ya kila saa, mahali ambapo unga ulikuwa rahisi na kesho ilikuwa na shaka. Wakaenda kwao, kwenye mlango ambao mtu anajua saa unayotoka na saa unayorudi. Sisi tunamtoa kijana kwao, tunamleta ugenini, kisha tunangoja apone.

Na ugenini huku, nani ataona? Chukua chumba kimoja cha nyumba ya kupanga, vitanda vya ghorofa, kila kitanda na pazia lake la kanga au shuka, chini ya godoro sanduku la nguo, ukutani soketi moja yenye chaja sita. Watu wanane wanalala humo na unaweza kukaa mwezi mzima usiuone uso wa mtu aliye kitanda cha juu yako, kwa sababu yeye anaingia unapotoka. Zamu zimewagawa. Anayelia, hulia wakati wengine wamelala au wamekwenda kazini, na pazia lake limefungwa. Mdada wa kazi aliye ndani ya nyumba ya mwajiri naye ana upweke wake, wa kuwa katikati ya watu mchana kutwa bila mtu mmoja wa kumsemesha lugha yake. Sonona huanzia humo bila kelele: usingizi unakuwa mwingi au unakatika, chakula hakina ladha, mkono ni mzito kupokea simu ya nyumbani, kisha yanakuja mawazo ya kwamba wote wangepumzika kama nisingekuwepo. Hakuna anayeyasema hayo. Ugenini, kila mtu anakwambia, si mahali pa kulia, umekuja kutafuta.

Jambo linaloniuma zaidi ya yote ni namna sisi watu wa pwani tunavyopima afya ya aliye huku. Tunaipima kwa fedha. Pesa ikiingia kwenye simu tarehe ile ile, mtu ni mzima. Ikichelewa, amebadilika, ameota mapembe, ameshikwa na mwanamke. Nimemjua kaka mmoja aliyekuwa akituma kila mwezi bila kukosa, hata mwezi ambao alikuwa hawezi kunyanyuka kitandani kwenda kuoga, akakopa kwa wenzake ili atume, kwa kuwa kutuma ndiko kulikokuwa kumebaki kuthibitisha kuwa yupo. Mama yake alikuwa akimwombea dua kwa kumshukuru Mungu. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema, na tunamtupia mfichaji lawama yote. Lakini maradhi haya yana wafichaji wawili, na wa pili ni yule anayepokea fedha na haulizi usingizi.

Ndipo vinapoingia vitu vya kujiliwaza. Wengine pombe, inayouzwa kwa siri kwenye maeneo ya kambi za wafanyakazi. Wengine vidonge. Tramadol huanza kwa nia njema kabisa: mgongo unauma kwa kusimama, mtu anakupa kidonge, maumivu yanaondoka na pamoja nayo ile huzuni isiyo na jina inapungua makali kwa saa chache. Kesho mgongo hauumi na bado unakitaka. Dawa hiyo ni ndugu wa unga, hukaa mahali pale pale ndani ya ubongo ambapo mwili huweka vituliza maumivu vyake wenyewe, na mwili ukishazoea kuletewa kutoka nje haukubali kunyimwa. Ukimnyima mtu wa unga, arosto inamshika: pua zinatiririka, mifupa inamkeketa, tumbo linavurugika, ngozi inasimama vipele vya baridi katikati ya joto la Julai, usingizi unamkataa siku tatu, siku nne. Aliye katika hali hiyo hatafuti starehe. Starehe alikwisha kuiaga zamani. Anatafuta kuwa sawa kwa saa kadhaa, aweze kuvaa viatu.

Nchi hii haikufunga mlango, na ni haki kulisema hilo wazi. Sheria ya shirikisho namba 30 ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Januari 2022, imeweka kwamba mtumiaji anayejipeleka mwenyewe kuomba matibabu kabla hajakamatwa hashtakiwi. Dubai ina kituo cha Erada kinachotibu na kurekebisha waraibu. Sheria ya afya ya akili, namba 10 ya mwaka 2023, imeandika haki za mgonjwa, na mojawapo ni kutunziwa siri yake. Lakini sheria ikiandikwa kwa Kiarabu katika gazeti la serikali, inakuwa na safari ndefu kabla haijafika nyuma ya lile pazia la shuka. Mgeni anajua mambo mawili tu: viza yake imefungamana na kazi, na watu waliokamatwa na dawa walifungwa. Hivyo anaogopa hata panapofunguliwa. Hofu hiyo hiyo huwapata wanaokuja wakiwa tayari kwenye matibabu. Diazepam, tramadol na methadone huku ni dawa zinazodhibitiwa, na msafiri anapaswa kuomba kibali cha serikali kabla ya kuingia nazo. Wapo wanaosikia hilo nusu nusu, wakaona salama ni kuacha chupa kwenye kabati nyumbani. Aliyezoea diazepam akiiacha ghafla anaweza kupata degedege. Aliyeacha methadone anakaribisha arosto ndani ya siku mbili, na hapo hapo ndipo anapotakiwa kuripoti kazini na sare mpya.

Kuna kisa cha mtu mwingine aliyekuwa ugenini ambacho ningependa kila mmoja wetu akijue. Mwezi wa Mei mwaka 1935, mfanyabiashara wa New York, Bill Wilson, alikuwa mji wa Akron, jimbo la Ohio, kwa shughuli iliyokwama. Alikuwa mlevi aliyeacha pombe kwa miezi michache. Amesimama ukumbini mwa hoteli, hana mtu, hana fedha za kutosha, upande mmoja baa inatoa sauti za watu wanaocheka, upande mwingine ipo simu. Akaenda kwenye simu. Akaanza kupigia makanisa, akiuliza kama wanamjua mlevi yeyote ambaye angeweza kuzungumza naye. Hakuwa akitafuta daktari wala pesa ya nauli. Alitaka mtu wa aina yake, wa kukaa naye. Akaunganishwa na tabibu wa upasuaji wa mji ule, Robert Smith, naye akiwa amezama katika pombe. Walizungumza saa nyingi. Smith alikunywa kwa mara ya mwisho tarehe 10 Juni mwaka huo, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa ule ushirika wa walevi wanaosaidiana uliozagaa dunia nzima. Wa watumiaji wa dawa za kulevya, Narcotics Anonymous, ulifuata California mwaka 1953. Mimi hukiona kile kisanduku cha simu kila ninapopita kwenye ukumbi wa hoteli za hapa, na hujiuliza mlinzi wetu, mpishi wetu, mdada wetu wa kazi, jioni yake ikimzidi, angepiga namba ya nani.

Njia ile ilifika Unguja. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, vijana waliokuwa wamezamia kwenye unga na wakatoka walianza kufungua nyumba za upataji nafuu. Moja ilibeba jina la Detroit, kwa kukumbuka mji wa Marekani walikotoka wenzao waliowashika mkono. Siku ndani ya nyumba kama hizo ina mpango wake. Unaamshwa alfajiri. Unaswali, unatandika, unafagia, unapewa zamu ya jikoni. Kisha kikao: kila mmoja anataja jina lake, anasema kuwa ni mraibu, wenzake wanamwitikia kwa jina, na anaeleza usiku wake ulivyokuwa. Mgeni akikaa akisikiliza anaweza kuona kuwa ni maneno yale yale kila asubuhi. Kweli ni yale yale. Lakini kila asubuhi kuna watu kumi wanaojua umelala au hukulala, umekula au umeacha sahani, na ukidanganya, yupo mmoja kati yao aliyewahi kuusema uongo huo huo kwa sauti hiyo hiyo.

Wapo ambao hiyo pekee haiwatoshi, na kwao ipo dawa. Februari 2011 hospitali ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadone, ikazitangulia nchi jirani zote. Kati ya walioisimamia kazi hiyo tangu mwanzo ni daktari wa magonjwa ya akili, Jessie Mbwambo. Kenya ikafuata Mathari Desemba 2014, kisha Malindi, na Zanzibar ikaanza mwaka 2015 katika hospitali ya Kidongo Chekundu. Dawa ni ya maji. Hukaa mwilini zaidi ya siku moja, inazuia arosto bila kumzamisha mtu, ndiyo maana huhitajika mara moja tu kwa siku. Lakini lazima iwe kila siku, na kwa kawaida lazima uende. Unasimama kwenye foleni, unafika dirishani, wanakutafuta kwenye orodha, wanakumiminia kipimo chako ndani ya kikombe kidogo cha plastiki, unakunywa wakikutazama, kisha wanakusemesha ujibu, wahakikishe kuwa umemeza. Kwa nje ni utaratibu wa usalama, dawa isitoke nje ikauzwa. Nami nauheshimu kwa sababu nyingine. Kijana ambaye kwa miaka kumi watu walikuwa wakimwangalia ili kuona kama ataiba, sasa kuna mtu mmoja anayemtazama usoni kila asubuhi, Jumapili na sikukuu, mvua na jua, na kumtaka aseme neno. Asipofika, nafasi yake kwenye orodha inabaki wazi, na inaonekana.

Mambo haya si mapya kwetu hata kidogo. Wazee wetu, waliposema mtu amekumbwa, hawakumfungia chumbani apone peke yake. Ngoma ya kupunga ilihitaji watu: wa kupiga, wa kuitikia, wa kuchoma ubani, wa kumshika asijiumize, wa kupika. Kombe liliandikwa na mwalimu, likachanganywa na mama, likapokelewa na mgonjwa mbele ya jamaa. Siyasemi haya kuyafanya yawe dawa ya kila kitu. Najua pia minyororo, najua watu waliofungwa miguu kwenye uwanja wa mganga kwa miaka, wakipigwa ili jini atoke, na hayo hayana utetezi. Lakini katika ile ngoma kulikuwa na fahamu moja tuliyoipoteza tulipohamia kwenye vyumba vya mapazia na simu za dakika tatu: maradhi ya ndani yanataka mashahidi.

Hata dawa iliyo kali kuliko zote katika jambo hili inasema hivyo hivyo. Naloxone hutolewa kwa sindano au kwa kupuliziwa puani. Mtu aliyezidisha unga, midomo imekuwa ya buluu, kifua hakipandi, akipewa hiyo unga unang'olewa pale ulipokuwa umekaa, na ndani ya dakika chache anavuta pumzi. Huamka kwa hasira mara nyingi, kwani arosto humpiga kwa mkupuo. Basi na aamke kwa hasira. Ila hakuna hata mmoja anayeweza kujipa mwenyewe akiwa ameshazima. Chupa inaweza kuwa mfukoni mwake na akafa nayo.

Na hapa ndipo penye hatari ambayo wazazi wachache wanaambiwa. Kijana aliyeletwa huku akakaa bila unga miezi kadhaa, kwa kukosa, kwa hofu, kwa kazi nyingi, mwili wake umeacha kuuzoea. Akili haikuacha. Siku akirudi likizo, zawadi zimegawiwa, wageni wameondoka, anatoka jioni kwenda kuwasalimia wa maskani, na anavuta au anajidunga kile kile kiasi alichokuwa akikimudu zamani. Kiasi hicho sasa kinaua. Wanaotoka jela hufa hivyo pia, wiki za mwanzo, na jamaa wanaona ajabu: alikuwa ameshaacha. Ndiyo, alikuwa ameacha, na hakuna aliyemweleza kwamba kuacha kumeubadilisha mwili, wala aliyekuwa amekaa naye jioni ile.

Juzi khalati alinipigia kutoka Fuoni. Mwanawe wa tatu, niliyemwacha akiwa mtoto wa kukimbiza tairi, sasa ameuza feni ya sebuleni na jiko la gesi. Khalati hakulia. Alikuwa na sauti ya mtu aliyekwisha kupanga. Pasipoti ameshaitafuta, shangazi wa Muscat amechangia, kilichobaki ni mimi nitafute japo kazi ya kuosha magari, "maana huko kwenu kuna sheria, mwanangu, huko hatathubutu." Nilimwacha amalize, kisha nikamwambia sitamchukua. Akanyamaza. Nikamweleza kuhusu chumba, zamu, pazia. Nikamweleza kuwa nikitoka alfajiri narudi usiku, na kati ya hapo hakuna atakayejua kama amepumua. Nikamweleza kuwa dawa anayoihitaji iko mjini hapo hapo, Kidongo Chekundu, safari ya daladala moja, na kwamba huku haruhusiwi kuja nayo hivi hivi.

"Pale ni kwa wendawazimu," akasema.

Nikamwambia pale ni hospitali, khalati, na walio kwenye foleni ile ni watoto wa watu anaowajua, wengine anawaona harusini na hajui kuwa asubuhi walipitia dirishani. Akauliza kama itabidi kwanza aache, ajisafishe, akate nywele. Nikasema hapana, aende kama alivyo, siku za mwanzo ni za kuandikishwa, kupimwa na kuzungumza. Akauliza itachukua muda gani. Sikumficha: kwa wengine miaka, na katika miaka hiyo huenda akateleza, akarudi, akateleza tena, na kila akirudi asiambiwe kuwa sikio lake limekufa. Akavuta pumzi. Akauliza nani atakuwa anampeleka kila siku, yeye magoti yake haya, baba mtu hataki hata kumsikia. Nikamwuliza kuhusu dada yake wa pili. Yuko kazini. Nikamwuliza kuhusu yule mjomba mwenye bodaboda.

"Hao hawasemezani tangu feni," akasema. Kisha, baada ya muda, "Wanafungua saa ngapi?"

"Asubuhi, khalati. Mapema."

"Na dawa yenyewe bei gani?"

"Haiuzwi. Nauli tu."

"Nauli ninayo," akasema. "Kesho nina hitima ya jirani. Keshokutwa nitampeleka mwenyewe."